Beseni Halirudi Tupu

Mchungaji Yona alikufa usingizini, kitandani pake, akiwa na macho mawili mazima. Niliambiwa hivyo kwa simu Jumatatu asubuhi, nikiwa uani kwangu Namakwekwe, hapa Mbale, nikigombana na mpangaji wa chumba cha tatu, mwendesha boda boda ambaye huosha pikipiki kwa maji yangu ya mfereji halafu anajifanya kiziwi. Aliyepiga alikuwa katibu wa Huduma, shirika la msaada aliloliongoza marehemu. Alikuwa na ile sauti ya chini, ya kupangwa, ambayo watu wa kanisa huiweka akiba kwa ajili ya vifo. Akasema familia inaniomba, kama mmoja wa watumishi wa mwanzo kabisa, niseme maneno machache mazishini, kwao Wanale, Jumatano. Niseme kwa Kiswahili, akaongeza, maana kutakuwa na ndugu wengi kutoka Kenya, na mtu wa kufasiri kwa Kigisu, lugha ya kwao marehemu, atakuwepo. Nikamwuliza marehemu alikufa kwa ugonjwa gani. Akasema moyo. Nikasema kumbe alikuwa nao. Akajibu, "Amina, mama," kwa sababu wale watu ukiwatajia moyo, kwa maana yoyote ile, wataitikia amina tu. Nikamwambia nitakuja.

Nilipokata simu niliingia ndani, nikapiga magoti na kuvuta beseni kutoka chini ya kitanda. Ni beseni la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu, na chini yake herufi za Huduma zimeandikwa kwa rangi nyekundu ambayo bado inasomeka. Nimekaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume. Wanangu wameliuliza, nikawaambia ni la watu. Mabinti wakitaka kulifulia nguo nawafokea, wananiona nimeanza kuzeeka vibaya. Sikuwaeleza kwa sababu kulieleza beseni ni kueleza mwaka mzima, mwaka niliokaa Jinja nikiwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka huo mimi mwenyewe sipendi kuusikia. Lakini sasa yule bwana amekufa na watu wanataka hotuba, basi waipate.

Habari za ukoo wangu naziacha. Itoshe kwamba nilikulia katika kambi ya askari magereza hapa Mbale, ambako watu wa Teso, wa Lango, wa Acholi na wa Bugisu walikaa ukuta kwa ukuta na hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania maji isipokuwa Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichonipatia kazi. Huduma ilikuwa ikisaidia watu wa Masese, kule ufukweni Jinja ambako wavuvi, wachuuzi wa samaki na wajane wa askari wametoka kila upande wa nchi, na Mchungaji Yona hakutaka kusema Kiswahili. Alisema ni lugha ya bunduki na ya wezi wa kuku. Alipokuwa mtoto askari walimlaza baba yake kifudifudi barabarani kwa lugha hiyo, na kwa hilo simlaumu, wengi hapa wana kovu kama lake. Ila alikielewa. Nilimwona akicheka mzaha wa dereva wetu Mkenya kabla sijafungua mdomo kuufasiri. Kutumia mfasiri kulimpa kitu kingine: maskini alisema, mimi nikafasiri, na yeye katikati alipata nafasi ya kutazama saa yake.

Huduma ilikaa katika nyumba ya zamani ya Mhindi mmoja tajiri, yenye dari la juu na veranda ndefu. Wahitaji walikaa verandani, sakafuni. Watumishi tulikaa ndani. Sebule ilikuwa imekatwa kwa ukuta wa plaiwudi, upande mmoja meza ya chakula yenye kitambaa cha vitobo, upande wa pili kimeza changu na makabati ya fomu. Ukuta ule haukuzuia hata kikohozi. Niliketi pale mwaka mzima nikinusa wanachokula na kusikia wanachosema, na nakwambia, ukitaka kuwajua watumishi wa Mungu usiwasikilize madhabahuni, wasikilize wakitafuna. Mchungaji alikuwa na kikombe chake peke yake, cha udongo, chenye maandiko ya Biblia, na Nambozo mpishi alikatazwa kukichanganya na vikombe vingine. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye manukato ya sabuni, na alituita wote Sista na Brother. Mimi nilikuwa Sista Norah. Hakuwahi kuniuliza jina la mama yangu.

Siku yetu kubwa ilikuwa Alhamisi. Watu walitoka Masese hadi kwetu kwa miguu, wakaimba, wakaombewa, kisha mmoja mmoja akasimama kutoa ushuhuda kabla ya kupewa beseni lenye posho, yaani unga wa mahindi, maharage na chumvi. Beseni lilirudishwa Alhamisi iliyofuata ili litiwe tena. Hakuna ushuhuda, hakuna beseni. Na watu si wajinga, walishajua Mchungaji anapenda nini. Kuna mama mmoja, mtu wa sala, ambaye sidhani kama aliwahi hata kunusa pombe, alisimama akasema alikuwa mlevi wa kulala mitaroni, kwa sababu aliona waliokuwa walevi wanaongezewa sabuni. Mzee Kirunda, mchuuzi wa kuni, alishuhudia uchawi, uzinzi na wizi katika dakika tatu, na Mchungaji akafuta machozi. Mimi nikafasiri yote kwa Kiingereza safi, na yote yakaandikwa na kupelekwa kwa wafadhili. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Sisi tulitenda wema tukakaa kusubiri picha.

Mama Apio hakuwa na kipaji hicho. Alikuwa mtu wa Tororo, Mjopadhola, mjane wa askari, na Kiswahili alikiokota kambini kama mimi. Kazi yake ilikuwa kuanika mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, na kuwachambua, kutoa mchanga na takataka, kazi ya macho. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa tayari, limebaki jeupe. La kulia lilikuwa na presha ya macho, na daktari alimwambia waziwazi: lisipopasuliwa mwaka ule nalo litafuata, na likishakwenda hakuna wa kulirudisha. Kila mwaka madaktari wa macho walikuja Mbale kwa wiki moja, na Huduma ilikuwa na nafasi kumi na mbili katika gari lake za kuwapeleka wagonjwa wasio na kitu. Mama Apio alikuwa kwenye orodha, jina la nne. Niliandika mimi.

Siku yake ya ushuhuda alisimama, mwembamba, mrefu, amefunga leso kichwani. "Jina yangu Mama Apio. Mume alikuwa askari, alikufa. Mimi nauza mukene. Jicho moja imeenda, hii ingine inataka kwenda. Mungu asante." Akakaa. Mchungaji akaniambia nimwulize, kabla ya kumjua Bwana alikuwa akifanya nini. Nikauliza. Mama Apio alifikiri kweli kweli, akatafuta jibu la haki. "Kabla?" akasema. "Kabla nilikuwa naanika mukene." Veranda nzima ikacheka. Mchungaji hakucheka. Nadhani mambo yake yalianza kuharibika hapo, lakini mimi nilikuwa nacheka na wenzangu na sikuona.

Alhamisi iliyofuata alirudisha beseni, na ndani yake alikuwa ametia mukene, waliochambuliwa wakabaki safi kabisa, wamefunikwa kwa jani la mgomba. Hakuna mtu wa huku asiyejua maana yake. Jirani akikuletea maboga katika sahani, sahani hairudi tupu, utatia hata mayai mawili, hata chumvi. Si malipo. Ni kumwambia mwenzako kwamba wewe pia ni mtu, una mlango na una jiko. Nambozo alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaniambia, "Huyu mama amelelewa." Akawakaanga wale mukene kwa nyanya na vitunguu, akawaunga kwa njugu zilizosagwa, na harufu ikapita kwenye plaiwudi ikanikuta na chai yangu ya rangi.

Nikawasikia wajumbe wa kamati ya Huduma wakila. Mchungaji akauliza, "Nambozo, leo umetupikia nini?" Nambozo akajibu, "Mukene, Mchungaji. Za yule mama wa macho. Amerudisha beseni nazo." Wakaendelea kutafuna. Mjumbe mmoja akaomba aongezewe. Kisha Mchungaji akasema, taratibu, kama mtu anayefungua Neno, "Ndugu zangu, mtu anayegawa samaki ana ziada. Na mwenye ziada, amekalia nafasi ya nani?" Yule aliyeomba kuongezewa akajibu, mdomo umejaa, "Ya mhitaji." Wakakubaliana kwamba lazima kesho yake tufanye uhakiki wa nyumba kwa nyumba. Halafu Mchungaji akasema, "Hebu nisogezee mchuzi." Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu na mengi nimeyasahau, lakini lile la mezani nalikumbuka neno kwa neno, pamoja na sauti ya vijiko.

Uhakiki wetu ulikuwa mchezo wa kuigiza ambao kila mtu alijua sehemu yake. Gari jeupe la Huduma likionekana tu juu ya kilima, Masese nzima ilianza kuhama. Redio zilivuka ua, godoro likaenda kwa shemeji, kuku wakasukumwa chini ya kitanda cha asiyekuwa kwenye orodha. Mzee Kirunda alikuwa na baiskeli mbili, na siku za uhakiki zote mbili zililala kwa jirani yake Mkenya. Kwa hiyo tulipoingia kwake tulikuta mzee mtakatifu ameketi juu ya gunia, na tukaandika: hana kitu. Mama Apio hakuficha. Alipoambiwa wageni wanakuja alifagia ua, akatoa kiti chake cha pekee nje, akaazima cha pili, na akachemsha viazi vitamu. Alituwekea viazi vile mbele yetu katika sahani, na Mchungaji akavitazama kama polisi aliyeona bidhaa za magendo.

"Mwulize," akaniambia kwa Kiingereza, "samaki aliotuletea amewapata wapi, na kwa nini anagawa chakula ilhali anakuja kwetu kuomba chakula." Nikauliza, kwa maneno laini kidogo. Mama Apio akageuza kichwa ili anipate kwa jicho lake lililobaki. "Mtoto yangu, mwambie hivi. Kwetu chombo ya mtu hairudi bure. Ile mukene si ya kuuza, mwenye mashua alinipa ya kula, mimi nikasema nigawe na wale wananipa posho. Mwambie mimi sina kitu, lakini adabu niko nayo. Na mwambie asante kwa ajili ya hii jicho." Aliyasema polepole ili nisipoteze neno. Mchungaji alikuwa anatazama saa. Alishatuambia mara nyingi kwamba mfasiri mzuri ni mfasiri mfupi. Tena wiki ile ile alikuwa ameniahidi barua ya kunitambulisha chuo cha ualimu, barua ambayo bila yake mtoto wa kambini hakuwa na mlango wa kupitia. Nikafungua mdomo nikasema kwa Kiingereza: anaanika samaki, na alikuwa na ziada kidogo.

Ndivyo nilivyosema. Sikukosea, sikusahau, Kiingereza changu hakikupungua. Nilijua kila neno la mama yule na nilijua alichokuwa anakiombea. Baadaye nilijidanganya kwamba niliona aibu kumfundisha Mchungaji, Mgisu mtu mzima, adabu za huku huku kwetu, na kwamba kwa vyovyote alikuwa ameelewa Kiswahili cha mama yule. Huo ni uongo wa kujipaka mafuta. Niliitaka barua. Mchungaji akanisomea la kuandika kwenye fomu, "mhusika ana ziada," nikaandika, nikatia sahihi yangu kama shahidi. Mama Apio akatufungia viazi katika jani tule njiani. Mchungaji alikula viwili kabla hatujafika lami.

Siku ya safari ya Mbale nilipewa orodha niisome verandani asubuhi. Hakuna aliyemwambia Mama Apio. Kazi ya kumwambia ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa nimeiahirisha siku baada ya siku. Alikuwa amekuja na kifurushi chake cha nguo, kanga safi, na bintiye Apio wa kumshika mkono. Nilisoma majina kumi na mawili. La nne lilikuwa Kirunda, ambaye macho yake yalimwasha tu kwa moshi wa kuni na ambaye nilishamwona akisoma gazeti bila miwani. Nilipomaliza, Mama Apio alibaki amesimama, ameinua uso, anasubiri. "Soma tena, mtoto yangu," akasema, "pengine sikio pia imeanza." Nikasoma tena. Sauti yangu haikutetemeka na hilo ndilo linanichukiza zaidi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Watangulie hao. Mwakani na mimi." Akaniombea safari njema. Apio ndiye aliyenitazama mpaka nikapanda gari.

Sasa sikia kilichofuata, maana kama kisingetokea ningeweza labda kusema mtu yule alikuwa mjinga tu, na ujinga husameheka. Tulipofika Mbale, baada ya kuwashusha wagonjwa, Mchungaji alitaka kumsalimu mama yake, huku Wanale, chini ya mlima. Kikongwe yule alitupokea vizuri, tukaketi chumba cha udongo kilichopakwa vizuri, tukanywa chai ya maziwa. Mchungaji alikuwa amemletea sukari na mkate ndani ya kikapu. Yule bibi akaviondoa, akaingia jikoni, akakaa huko, akatoka na kikapu kimejaa maleewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyakausha kwa moshi. Alikuwa na mavuno mabaya mwaka ule, alikuwa ametueleza hivyo dakika chache tu nyuma. Mchungaji akasema, "Mama, usijisumbue." Bibi akamwambia kwa Kigisu, nami Kigisu nakijua, "Umeanza lini kuona kikapu kinatoka kwangu kitupu?" Mwanawe akacheka kwa furaha kabisa, akakibeba kikapu kwa mikono miwili kama tulivyolelewa wote, akaketi kiti cha mbele akakiweka mapajani pake. Nilikaa nyuma yake hadi Jinja nikitazama shingo yake. Alijua. Alijua tangu mezani, akiwa na mchuzi kwenye kijiko.

Barua niliipata. Ilikuwa barua nzuri, ilinisifu kwa uaminifu. Kabla ya kuondoka Jinja, mwisho wa mwaka, nilichukua beseni moja la Huduma bila kuuliza mtu, nikatia sukari, sabuni na mchele, nikaenda Masese. Nilimkuta Mama Apio ameketi mbele ya wavu wa mukene, anachambua kwa vidole. Jicho la kulia lilikuwa limekwenda. Alinijua kwa sauti, akanikaribisha, akamwita Apio alete chai. Nilikuwa nimejipanga kutubu, nimeyakariri maneno njiani, lakini yeye aliniuliza habari za chuo kwa furaha kama vile ninakwenda kwa niaba yake, na maneno yakanikaukia. Nilipoaga alilipapasa beseni, akapitisha kidole kwenye ukingo. "Hii ni ya Huduma," akasema. Akamwambia Apio atie mukene mpaka lijae. "Rudisha kwa wenyewe," akaniambia. "Usirudishe bure." Nikasema ndiyo, mama. Wale mukene niliwala mwenyewe chumbani kwangu siku tatu mfululizo, na beseni nikaenda nalo chuoni.

Jumanne hii, siku moja kabla ya mazishi, nilipanda gari la Jinja na beseni langu mapajani. Masese imebadilika na haijabadilika, mabati ni mengi zaidi, harufu ni ile ile. Niliuliza, nikaonyeshwa Apio, mwanamke mtu mzima sasa, ana meza yake ya samaki. Hakunitambua mpaka alipoona ukingo wa buluu. Akaniambia mama yake alikufa zamani, alikuwa bado anachambua kwa vidole, na watu walimtafuta kwa sababu mukene wake hawakuwa na mchanga hata wakati huo. Kisha akasema, "Mama alikuwa anasema wewe utarudi na beseni. Sisi tulibisha. Yeye alisema hapana, yule ni mtu ya adabu." Apio akalijaza beseni mpaka juu, akalifunika kwa jani, akanikataza kabisa kugusa pochi.

Basi juzi Wanale niliwakuta wote. Mahema, viti vya plastiki, kwaya yenye sare, na mshereheshaji wa mazishi, siku hizi hata huzuni ina mshereheshaji. Kila aliyesimama alisema marehemu alilisha wenye njaa na kuwafungua vipofu macho. Mzee Kirunda hakuwepo kushuhudia, sijui alikufa, lakini aliyesema badala yake alikuwa na kipaji kile kile. Nilipoitwa nilipanda na beseni, nikaliweka juu ya meza yao ya maua. Mfasiri wangu alikuwa mwanamke kijana, nadhifu, ana kitambulisho cha Huduma shingoni. Nikasema, kwa Kiswahili, taratibu ili asipoteze neno: "Beseni hili ni la Huduma. Mama mmoja wa Masese alirudisha jingine kama hili na mukene, kwa adabu. Marehemu aliwala wale mukene, kisha akamfuta kwenye orodha ya macho kwa sababu aligawa. Mimi nilikuwa mfasiri, nikanyamaza. Mama yule akapofuka. Leo nimerudisha beseni, na halikurudi tupu."

Wakenya kwenye safu za nyuma waliacha kujipepea. Wagisu walimtazama mfasiri wao wakisubiri. Katibu, kiti cha mbele, naye alimtazama. Yule binti akashika maikrofoni kwa mikono miwili na akasema kwa Kigisu kizuri sana: "Mama huyu anasema marehemu aliwalisha watu wa Masese kwa mabeseni, hata mama mmoja kipofu alimkumbuka, na leo wamemletea shukrani za samaki." Amina ikapigwa, na makofi. Kwaya ikaingia. Mimi Kigisu nakijua kama nilivyosema, na maikrofoni ilikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Nilimwona yule binti akigeuka kumtazama katibu, na katibu anamwitikia kwa kichwa, polepole, kama anayemwambia vizuri. Nikashuka nikaenda kukaa.

Walikula. Wageni wa heshima waliandaliwa hema lao, na sikushangaa kuwaona wale mukene kwenye sahani zao, maana mazishi yana walaji wengi na Apio anajua kuchambua. Nilikuwa nimeshafika barabarani, namtafuta mwendesha boda boda wa kunirudisha Namakwekwe, niliposikia mtu anakimbia nyuma yangu. Ni yule mfasiri. Alikuwa ameshika beseni. Lilikuwa limeoshwa likang'aa, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Mama, umesahau chombo chako," akasema. Kisha, hatutazamani, "Nilifupisha kidogo. Unisamehe."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeyaweka miaka yote hii, makali, ya kumfaa mtu wa namna yake, na yalikuwa tayari ulimini. Lakini nilijikuta namwuliza kitu kingine. "Wamekuahidi nini?"

Akatazama viatu vyake. "Barua ya chuo."

Akaninyooshea beseni. Sikulipokea. Nikamwambia si langu, lina herufi za kwao chini, alipindue asome, na lina mwenyewe mwingine pia, anaitwa Apio, anauza samaki Masese, kila mtu atamwonyesha. Nikapanda pikipiki. Alikuwa bado amesimama na lile beseni kifuani, akaniuliza kwa sauti ya juu, ili nisikie juu ya injini, sasa atie nini ndani yake. Nikamwambia dereva twende. Mimi nimekaa nalo miaka yote hiyo chini ya kitanda, na sikupata cha kutia.